Kupanda Mlima na Kufika Kileleni: Nomino na Vitenzi vya Milima Mirefu katika Kiswahili cha Kiringye na Kwingineko

Katika somo la tafsiri la mwaka huu tulipewa ukurasa mmoja wa Kifaransa unaoeleza safari ya wapanda milima katika Alpi, tuutafsiri kwa Kiswahili. Vitenzi havikutusumbua. Kupanda, kushuka, kuteleza, kupumzika, kufunga kamba: kila mtu aliandika bila kuinua kichwa. Ubishi ulianza kwenye nomino. Sommet ni kilele, sawa. Lakini pic je? Na aiguille? Na crête, na col? Mwenzetu mmoja aliandika "kilele" mara nne katika sentensi moja, kwa maneno manne tofauti ya Kifaransa, na msafiri wa Alpi akawa anazunguka palepale. Mwingine akasema kwa sauti jambo ambalo husemwa sana katika kitivo chetu: Kiswahili ni lugha ya pwani, hakikuumbwa kwa ajili ya milima.

Nataka kupinga kauli hiyo. Upungufu upo, lakini uko upande mmoja tu. Kiswahili kina maneno ya kutosha ya mlima kama mahali ambapo watu wanakwenda, wanalima, wanachunga na kurudi. Kina maneno machache ya mlima kama nukta ya kufikiwa, kupimwa na kupewa jina. Tofauti hiyo haitokani na bahari. Inatokana na shughuli inayowapeleka watu juu, na nitaonyesha kwamba hata katika Alpi zenyewe mambo yalianza hivyo hivyo.

Nianze na Kiswahili ninachokijua zaidi. Mimi ni mtu wa Kiringye, katika uwanda wa Ruzizi, kaskazini mwa Uvira. Ziwa Tanganyika liko kwenye kimo cha mita 770 hivi. Mtu akisimama katika uwanda na kugeukia magharibi, ardhi inainuka mbele yake hadi kwenye nyanda za juu ambazo mahali pengine zinapita mita 3,000. Mohi, katika Itombwe, unafikia mita 3,475. Ramani huiita safu hii Mitumba. Kiringye sijapata kumsikia mtu akisema anakwenda "Mitumba". Kwa Kiswahili, mtumba ni furushi la bidhaa, mzigo wa msafara wa zamani, na leo ni nguo kuukuu za sokoni. Sisemi kwamba jina la ramani limetoka hapo. Ila msikilizaji wa Kiswahili hulisikia jina hilo na kuona mizigo, na kwa milima yetu hakosei sana.

Kiringye husema hivi:

Baba ameenda ku mulima.
Dada anaishi mu mulima.
Kule ku mulima kuko baridi.

Mwalimu wa sarufi sanifu angetaka "mlimani" katika sentensi zote tatu. Kiambishi -ni kinabeba kazi yote, na ni upatanisho unaotufichulia maana: mlimani pana baridi, mlimani kuna baridi, mlimani mna baridi. Kiswahili chetu cha Kivu kimeweka tofauti hiyo mbele ya nomino, kama zifanyavyo lugha za jirani. Kirundi kina ku na mu, na Kifuliiru vilevile. Sasa tazama maana. Ku mulima ni upande, mwelekeo, kule. Mu mulima ni ndani. Mtu anaishi ndani ya mlima jinsi anavyoishi ndani ya kijiji. Hilo haliwezekani ikiwa mlima ni umbo lenye ncha. Linawezekana ikiwa mlima ni nchi. Na kweli, Kiringye neno mulima mara nyingi halina umoja wa kuhesabika. Ukimuuliza mtu "mulima gani?", atakutajia kijiji, soko, au hospitali. Atasema Lemera, ambako Daktari Denis Mukwege alianza kazi yake kabla ya Panzi. Hatakutajia kilele. Sehemu hizo mbili za nchi zina majina ya Kifaransa hata katika midomo ya wasiokijua Kifaransa: plaine ni huku chini, haut plateau ni huko juu, na kati yake ni moyen plateau. Yote matatu ni maneno ya eneo. Hakuna hata moja la ncha.

Kiambishi cha tatu kingekuwa "juu ya mulima", na hapa ndipo Kiswahili chetu kinapomtega mtafsiri. Katika Kongo "juu ya" ina kazi mbili. Inaonyesha mahali, kama kila kwingine, lakini pia inaonyesha sababu: "juu ya nini?" ni "kwa nini?". Kwa hiyo sentensi "amekufa juu ya mulima" inaweza kuwa amefia kileleni, na inaweza kuwa mlima ndio uliomuua. Msikilizaji wa Dar es Salaam atachukua maana ya kwanza bila kusita. Msikilizaji wa Uvira atasubiri sentensi inayofuata.

Sasa turudi kwenye Alpi. Neno ambalo limeipa safu hiyo jina lake kubwa lina maana nyingine kwa wakazi wake. Kwao, alpe, au alpage kwa Kifaransa, ni malisho ya juu ambako ng'ombe hupelekwa majira ya joto na kushushwa baridi ikianza. Mchungaji wa bonde la Chamonix aliposema anakwenda alpage, alikuwa anasema jambo ambalo mchungaji wa nyanda zetu za juu angelielewa mara moja: anakwenda kwenye majani. Kilele kilichofunikwa theluji hakikuwa na kazi kwake, na Mont Blanc wenyewe ulihesabiwa katika milima iliyolaaniwa. Mtu aliyeugeuza kuwa lengo alikuwa wa nje ya bonde. Horace-Bénédict de Saussure, mwanasayansi wa Geneva, aliahidi zawadi mwaka 1760 kwa atakayepata njia ya kufika juu. Zawadi ilikaa miaka 26. Tarehe 8 Agosti 1786 walifika wakazi wawili wa Chamonix: Michel Paccard, daktari, na Jacques Balmat, aliyekuwa akitafuta fuwele milimani. Ni baada ya hapo ndipo Kifaransa kilipoanza kuhitaji, kwa ukubwa huo, maneno yote yaliyotutesa darasani. Na kilipoyahitaji hakikuyaunda upya. Kilichukua vitu vya nyumbani na mwilini: aiguille ni sindano, dent ni jino, col ni shingo, crête ni upanga wa kichwa cha jogoo. Alpi zina Aiguille du Midi na Dents du Midi.

Jambo hilo linapaswa kutuondolea hofu, kwa sababu majirani zetu wamekwisha kulifanya. Katika volkeno za Virunga kuna Sabyinyo, ambao jina lake lina neno la Kinyarwanda la jino ndani yake, na ukiuona jinsi ulivyochongoka utajua kwa nini. Karisimbi, wenye mita 4,507, huelezwa kwa neno la simbi nyeupe, kwa sababu juu yake huonekana weupe asubuhi za baridi. Muhabura ni mwenye kuelekeza, yule anayemwonyesha njia aliyepotea. Mlima unaoonekana kutoka mbali hufanya kazi hiyo. Jina Virunga lenyewe ni ibirunga, volkeno. Majina haya yametoka kwa watu waliokuwa wakiitazama milima hiyo kila siku wakiwa mashambani, na yalibaki hata wapimaji wa Ulaya walipofika.

Rwenzori haukupata bahati hiyo. Mtemi wa Abruzzi, Mwitalia, aliongoza safari ya mwaka 1906 iliyofika kwenye vilele vikuu, na tangu hapo ramani inasomeka kama orodha ya wageni: Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi, Luigi di Savoia. Kilele kirefu kuliko vyote katika nchi yangu, mita 5,109, kwenye mpaka wetu na Uganda, kinaitwa Margherita, jina la malkia wa Italia. Wakonjo wanaoishi chini yake wana Kitasamba, roho anayekaa kwenye theluji, na wana jina Rwenzururu kwa nchi nzima ya mlima. Angalia tena: wenyeji wana jina la nchi na la mwenye nchi, mgeni ana majina ya vilele. Kenya ilipita njia ya katikati. Halford Mackinder alipopanda mwaka 1899, vilele vikuu vilipewa majina ya viongozi wa kiroho wa Wamaasai: Batian mita 5,199, Nelion mita 5,188, na Lenana mita 4,985. Ni majina ya Kiafrika yaliyowekwa na Mzungu, kwa desturi ya Kizungu ya kuipa ncha jina la mtu.

Siwezi kuacha Kilimanjaro, ingawa nusu ya wanafunzi wa isimu Afrika Mashariki wameandika juu yake. Kinachonivutia ni ki-. Mlima uko katika ngeli ya m-/mi-, pamoja na mti, mto, moto na moshi. Kilima kiko katika ki-/vi-, ngeli inayodogosha. Iweje mlima mrefu kuliko yote barani, mita 5,895, uitwe kilima? Krapf, katika kitabu chake cha mwaka 1860, alitaja maelezo mawili, ya ukuu na ya misafara, na tangu hapo kila mtu ana lake. Wapo wanaolichukua neno zima kuwa la Kichaga, la kitu kinachomshinda msafiri. Mimi huegemea upande huo wa Kichaga, kwa sababu moja ya kisarufi: mtu wa pwani aliyeuona mlima ule asingekuwa na haja ya kuudogosha, lakini mtu wa pwani aliyesikia neno la Kichaga lenye sauti karibu na kilima angelisikia hivyo hivyo, kwa sikio lake. Kilele chenyewe, Kibo, kilipandwa na Hans Meyer na Ludwig Purtscheller mwaka 1889, ncha yake ikapewa jina la Kaisari wa Ujerumani, na mwaka 1961 ikawa Uhuru. Hilo ni jina la ncha lililotungwa kwa Kiswahili, na limeshika duniani kote. Anayesema majina ya Rwenzori hayawezi tena kuguswa akumbuke hilo.

Hoja ya pwani ina nguvu kidogo tunapofika kwenye theluji. Theluji ni neno la Kiarabu. Barafu ni la Kiajemi, na katika Kiajemi maana yake ni theluji. Kiswahili kilinunua ng'ambo maneno mawili kwa kitu kilichokuwa juu ya milima yake mwenyewe, wakati Wakonjo walikuwa na nzururu, neno lililomo ndani ya Rwenzururu. Hapo ndipo lugha ya ndani ilipokuwa na kitu ambacho pwani haikukiomba. Wanajiografia wa Kiswahili wamejitahidi baadaye: wameunganisha barafu na mto, wakapata barafuto, mto wa barafu unaotambaa mlimani. Ni istilahi nzuri, fupi, inayonyambulika, nami naitumia. Ila imekuja kitu chenyewe kikiwa kinaondoka. Barafuto 43 zilihesabiwa Rwenzori mwanzoni mwa karne ya 20. Leo vimebaki vipande vichache, na mwanafunzi wa Beni atakayejifunza neno hili shuleni huenda asipate pa kulionyesha.

Tuje kwenye vitenzi, maana ndiyo mali yetu halisi.

Kamusi zina panda, kwea, paraga na paa. Paa ni kwenda juu hewani, tuiache. Paraga ni kupanda kwa kukumbatia, mikono na miguu. Kwea, pwani, ni kitenzi cha mnazi, na mwenye kazi hiyo ni mkwezi. Ni fundi wa kupanda aliye na jina lake la kazi katika Kiswahili tangu zamani. Kiringye hatuna minazi na kwea haisikiki; kila kitu ni kupanda. Mtu anaweza kupanda mihogo, kupanda pikipiki na kupanda mlima katika siku moja, na hakuna anayechanganyikiwa. Lakini kwa mtafsiri wa habari za vilele, pwani imetupa zawadi, na napendekeza tuipokee: tuseme panda pale ambapo miguu inatosha, na kwea pale ambapo mikono na kamba zinahitajika. Kufika Uhuru au Lenana ni kupanda. Kufika Batian ni kukwea. Kifaransa chenyewe hakigawi jambo hili kwa vitenzi viwili vifupi hivyo.

Na minyambuliko! Mama mdogo wangu huuza vitu kati ya soko letu na vijiji vya juu. Wanawake wa kwetu hubeba mzigo mgongoni, ukishikwa na mkanda unaopita kwenye paji la uso, na hupanda wakiwa wameinama, macho kwenye njia. Yeye hupandisha chumvi na sabuni, hushusha maharage na viazi. Kuna njia ya kupandia na nyingine ya kushukia, kwa sababu ya utelezi wakati wa mvua. Kuna mahali panapandika jua likiwa limewaka na hapapandiki asubuhi. Nilipomuuliza, daftari mkononi, sehemu gani ya kazi hiyo ni ngumu, alinijibu: "Kupanda haiko nguvu sana, mwanangu. Nguvu iko ku kushuka na muzigo, magoti inakataa." Katika maneno machache kuna kutendea, kutendesha na kutendeka, ukiongeza yale ya njia. Hakuna nomino moja ya kilele, na hakuna kilichopungua.

Wenye vilele wanalijua hilo pia. Matterhorn haukupandika hadi tarehe 14 Julai 1865. Watu 7 walifika juu pamoja na Edward Whymper. 4 walikufa katika kushuka, kamba ilipokatika. Kwenye Kilimanjaro, wanaopandia Machame hushukia Mweka, na lugha ya kazi kati ya viongozi na wapagazi ni Kiswahili. Sheria ya hifadhi inaweka mzigo wa mpagazi kuwa kilo 20. Wapagazi husikika wakiitwa wagumu, neno ambalo halimo katika kamusi yoyote kwa maana hiyo, na pole pole, ambayo pwani ni ushauri wa kawaida tu, huko imekuwa istilahi ya kiufundi: mwendo unaouacha mwili uzoee kimo. Watalii wa lugha zote huondoka nayo. Kambi ya mwisho ya njia hiyo, mita 4,673, inaitwa Barafu. Istilahi hizi hazikutoka kwenye kamati. Wanafunzi tunaotafuta neno la col au crête tungefanya vizuri kuwauliza kwanza watu hawa, na wachukuzi wa Lemera, na viongozi wa upande wetu wa Rwenzori, kabla ya kukaa mezani kubuni. Kwa col mimi naona "shingo ya mlima" itapokelewa, kwa sababu "mgongo wa mlima" umekwisha kupokelewa kwa crête. "Miguu ya mlima" kwa pied de la montagne siipendi: Kiswahili husema chini ya mlima, na mlima wenye mgongo si lazima uwe na miguu.

Kuna sehemu ambapo neno sahihi si suala la darasa. Kwenye mita 5,500 kanieneo ya hewa ni karibu nusu ya ile ya pwani. Kichwa huuma, mtu hutapika, huyumba kama mlevi, na akipuuzwa mapafu au ubongo hujaa maji. Vitabu vya Kifaransa vina majina marefu ya hali hizi. Mpagazi kijana aliyeishia darasa la saba hana majina hayo, lakini "kichwa", "kutapika" na "kizunguzungu" anayo, na kiongozi anayemsikiliza kwa Kiswahili anapata kila anachohitaji ili kuamua. Tiba ya kwanza pia ni kitenzi: kushuka, mara moja, hata usiku. Na asiyeweza kushuka hushushwa.

Tofauti hiyo ya kutenda na kutendeshwa naisikia Kiringye kwa maana nyingine. Tangu vita vya nyanda za juu vilipozidi, familia nyingi zimekuja uwandani, na zikieleza miaka hutaja ile ya kabla na ya baada ya kushuka, bila kuongeza neno. "Tulishuka" haihitaji tena yambwa wala mahali. Mzee mmoja niliyemhoji kwa ajili ya orodha yangu ya vitenzi alinisahihisha nilipoandika hivyo. Alisema wao hawakushuka, walishushwa, akaomba niandike hivyo. Nimeziandika zote mbili, kila moja kwenye mstari wake.